Kauri wa pete au kauri wa fedha? Mwongozo kamili wa kumtambua akiwa hai kwenye miamba ya Mombasa

Picha mnazotuma zinafanana sana. Kauri mmoja, konokono wa baharini mwenye gamba linalong'aa, yuko kwenye kiganja, amepigwa kutoka juu, jua la adhuhuri linamulika mgongo wake mpaka rangi haionekani, na chini yake kuna swali: "Huyu ni yupi?" Kwa picha hiyo, jibu la kweli halipo.

Wengine hamwulizi, mnaamua wenyewe kwa kanuni moja: akiwa na pete ni kauri wa pete, asipokuwa nayo ni kauri wa fedha. Kanuni hiyo ndiyo inayowaangusha. Pete hufutika mgongoni, na baadhi ya kauri wa fedha nao wana mstari wa dhahabu unaofanana na pete. Pete ni alama ya kutazamwa mwisho. Mwongozo huu unaanza na zile za kutazamwa kwanza.

Tunazungumzia aina mbili tu. Kauri wa pete ni *Monetaria annulus*, na kauri wa fedha, yaani wa pesa, ni *Monetaria moneta*. Vitabu vya zamani viliwaweka wote wawili kwenye jina la *Cypraea*, kwa hiyo ukikuta *Cypraea annulus* au *Cypraea moneta*, ni konokono hawa hawa. Kuna ndugu yao wa tatu anayewachanganya watu, nitamtaja mbele.

## Vitu vya kuwa navyo

- Jedwali la maji kupwa na kujaa la bandari ya Kilindini, lililochapishwa au la kwenye simu.
- Raba za zamani zenye soli ngumu. Kandambili huchomoka kwenye tope na hazizuii mwiba.
- Simu yenye kamera, ndani ya mfuko wa plastiki unaofunga vizuri.
- Bakuli jeupe la plastiki, la ukubwa wa kutosha kiganja. Weupe wake ndio utakaoonyesha rangi halisi ya gamba.
- Rula ya plastiki yenye milimita. Ikate ibaki sentimita kumi, ile ndefu itakusumbua.
- Tochi ndogo ya kumulika chini ya mawe.
- Daftari na penseli. Wino huyeyuka ukilowa.
- Maji ya kunywa na kofia. Kwenye mwamba hakuna kivuli.
- Mtu wa pili. Usiende peke yako, hata kama umezaliwa ufuoni.

Usibebe kisu, wala kiroba cha kukusanyia, wala jiki. Kazi hii inaisha na kauri kurudi alipotoka. Anayetaka gamba la kuweka kabatini anatafuta mwongozo mwingine.

## Hatua ya 1: Chagua siku na saa

Wengi hushindwa kabla hawajalowa miguu. Wanaenda Jumapili kwa sababu ndiyo siku ya mapumziko, wanakuta maji mafu, yaani siku ambazo maji hayapwi mbali, mwamba umezama mpaka magotini, wanarudi wakisema kauri wamekwisha.

Nenda wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu pamoja na siku mbili tatu zinazofuata. Hapo maji hupwa mbali, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hapa Mombasa hupita mita 3. Kwenye jedwali, tafuta siku ambayo namba ya maji kupwa iko chini ya mita 0.5. Ukiona 1.2, hayo ni maji mafu. Siku hiyo kaa nyumbani.

Pwani yetu ina bahati moja: maji ya bamvua hupwa mchana, mara nyingi kati ya saa nne asubuhi na saa sita, na tena usiku saa kama hizo. Kila siku inayofuata yanachelewa kwa takriban dakika hamsini. Kwa hiyo ukienda Ijumaa na kesho yake ukataka kurudi, usirudi saa ile ile.

Angalia mitego miwili ya saa. Jedwali linaandika 10:20, na hiyo ni saa nne na dakika ishirini, si saa kumi. Pili, programu nyingine za simu huonyesha saa za Greenwich, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu. Ukiona programu inasema bamvua la mwezi mpevu linapwa saa moja asubuhi, ishuku.

Fika ufuoni saa moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa, ufuate maji yakitoka. Yakianza kugeuka, nawe geuka. Maji hayarudi kwa mstari ulionyooka kutoka baharini. Huingia kwanza kwenye mikondo na mabonde yaliyo nyuma yako, yakakukata na ufuo wakati mbele yako bado kunaonekana kukavu. Huyo mwenzako wa pili kazi yake kubwa ni hii: kutazama nyuma.

Msimu nao una neno lake. Kaskazi huleta bahari tulivu na maji maangavu. Kusi huchafua maji na kurundika mwani ufuoni. Baada ya mvua kubwa, sehemu zilizo karibu na vijito vya Tudor na Mtwapa huwa na maji ya rangi ya chai kwa siku kadhaa, na hapo hutaona kitu.

Umefaulu ikiwa: umesimama kwenye mwamba ulio wazi, vidimbwi vimetulia, na bado una saa nzima kabla maji hayajageuka.

## Hatua ya 2: Chagua mahali

Unataka mwamba wenye vidimbwi, mawe yaliyolegea na nyasi za baharini. Mchanga mtupu hautakupa kitu. Upande wa Likoni kuna vipwa vizuri vya mawe, yaani sehemu zinazobaki wazi maji yakipwa. Upande wa kaskazini, kuanzia Nyali kupanda Bamburi hadi Shanzu, kuna maji ya ndani yaliyokingwa na mwamba mkubwa wa nje.

Kumbuka kwamba sehemu ya bahari hiyo ya kaskazini ni Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka 1986 na kusimamiwa na KWS, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya. Ndani ya hifadhi unalipa kiingilio, unatazama, unapiga picha, na huondoki na chochote, hata gamba tupu. Kama hujui mpaka uko wapi, waulize wavuvi wa hapo au ofisi ya KWS kabla ya kuingia. Wavuvi wanaujua kuliko ramani ya simu.

Wasalimie watu unaowakuta kwenye mwamba. Wanaotafuta pweza wako kazini, na shimo ulilochungulia huenda ni la mtu. Salamu na swali la adabu vitakuonyesha kauri walipo kwa haraka kuliko saa moja ya kuhangaika.

## Hatua ya 3: Mtafute bila kuharibu nyumba yake

Kauri wengi hujificha mchana na kutoka usiku kula mwani mdogo unaoota juu ya mawe. Kauri wa pete ni mwepesi kuonekana. Utamkuta kwenye vidimbwi vya kina cha kidole, kati ya nyasi na kwenye nyufa, mara nyingi wakiwa kundi. Kauri wa fedha mtafute chini ya mawe na vipande vya matumbawe yaliyokufa. Hata hivyo mahali si ushahidi. Wote wawili huishi kwenye mwamba mmoja, na unaweza kuwakuta chini ya jiwe moja.

Mulika nyufa kwanza. Ukihitaji kufunua jiwe, fuata utaratibu huu:

1. Chagua jiwe unaloweza kulinyanyua kwa mkono mmoja. Matumbawe hai usiyaguse kamwe.
2. Linyanyue ukilivutia upande wako, ili kilicho chini kikimbie kuelekea mbele na si kwenye miguu yako.
3. Tazama chini ya jiwe na ardhini lilipokuwa.
4. Lirudishe kama lilivyokuwa, upande wa chini ubaki chini.

Hatua hiyo ya nne ndiyo inayosahauliwa zaidi, na ndiyo yenye madhara makubwa. Viumbe wanaoishi uvunguni mwa jiwe hufa wakiachwa juani, na wale wa juu hufa wakifunikwa. Mwamba wenye mawe yaliyopinduliwa ovyo baada ya bamvua unaonyesha wazi kwamba watu wamepita.

Ukimkuta kauri amekaa juu ya kifungu cha vijifuko vidogo vilivyobanana, huyo ni jike anayelinda mayai yake. Usimwondoe. Piga picha alipo, funika jiwe, tafuta mwingine.

Jambo jingine: kauri aliye hai hana sura ya gamba kila wakati. Ana ngozi laini inayopanda kutoka pande zote mbili na kufunika mgongo wote, na akiwa amejifunika hivyo anaonekana kama donge la mwani au uchafu. Mguse kidogo kwa ncha ya kidole, ngozi itarudi ndani na gamba litang'aa. Ngozi hiyo ndiyo inayolipaka gamba tabaka jipya na kulifanya ling'ae bila kupigwa msasa wala mafuta. Rangi ya ngozi usiitumie kuamua aina.

Umefaulu ikiwa: umempata angalau kauri mmoja anayeng'aa, na ukitazama nyuma huoni jiwe hata moja ulilolipindua.

## Hatua ya 4: Kabla ya kushika, hakikisha ni kauri

Hapa hakuna mzaha. Kwenye miamba hiyo hiyo wanaishi konokono wenye gamba la umbo la koni. Baadhi yao wana magamba mazuri kuliko kauri, na wana mwiba wa sumu unaoweza kutoka kwenye upande mwembamba wa gamba na kuchoma mkono. *Conus geographus*, mmoja wao, ameua watu, na dawa maalumu ya kuondoa sumu yake haipo.

Tofauti ni hii. Kauri ni mviringo kama yai lililolalia ubavu mmoja bapa, hana ncha wala ngazi za kuzunguka, na mdomo wake ni ufa mwembamba tumboni wenye meno pande zote mbili. Koni ni pana upande mmoja, ambako utaona mizunguko ya gamba, na hupungua kuelekea upande wa pili. Mdomo wake ni mrefu na laini, hauna meno.

Ukiwa na shaka, usishike, hata kwa glavu, na usimtie mfukoni. Mtu akichomwa, usikate jeraha wala kunyonya. Mtulize, funga bendeji ya kubana kwenye kiungo kilichochomwa, kizuie kisitikisike, na mkimbize hospitali hata kama anasema haumwi.

Tahadhari nyingine mbili kwa haraka: wale viumbe wa mviringo wenye miiba mirefu myeusi hujaa kwenye mashimo, na kuna samaki anayejifanya jiwe ambaye miiba yake ya mgongoni ina sumu. Ndiyo maana ya raba, na ndiyo maana ya kutazama kabla ya kuweka mkono.

## Hatua ya 5: Hakikisha amekomaa

Kauri mchanga hafanani na wazazi wake. Gamba lake ni jepesi, mdomo uko wazi na hauna meno, na upande mmoja unaonekana mzunguko mdogo. Watu humpiga picha wakasema wamegundua aina mpya.

Akikua, mdomo hujikunja kwa ndani, meno huota, kisha gamba huongezwa unene pembeni na tumboni. Kuanzia hapo urefu hauongezeki tena, unene tu. Ndiyo maana udogo si utoto: kauri wa sentimita moja na nusu mwenye meno kamili na kingo nene ni mtu mzima wa umbo dogo.

Geuza utazame tumbo. Kama meno hayapo au ndiyo kwanza yanaanza, mrudishe. Alama za hatua ya saba hazimhusu, maana nundu na kingo bado hazijajengwa.

## Hatua ya 6: Picha tatu, si moja

Chota maji ya kidimbwi hicho hicho, si ya chupa wala ya bomba. Weka bakuli kwenye kivuli cha mwili wako, mtie kauri ndani. Maji kidogo juani hupata moto haraka sana, kwa hiyo fanya kazi yako kwa dakika chache tu.

Picha ya mgongo. Kamera iwe juu yake moja kwa moja, kivuli kimfunike chote, mwanga wa kamera umezimwa. Gamba linang'aa kama kioo, na jua au mwanga wa simu utaacha doa jeupe pale pale ambapo pete ingeonekana. Weka rula kando, kwenye kimo kile kile cha gamba.

Picha ya tumbo. Hii ndiyo inayokosekana kwenye karibu kila swali ninalopokea. Mnyanyue kwa vidole viwili, mgeuze, mkono ukiwa juu ya bakuli ili akiteleza aangukie majini. Kama mguu wake umetoka na kufunika meno, subiri, ataurudisha. Unataka kuona ufa wote, kutoka ncha hadi ncha, na meno ya pande zote mbili.

Picha ya ubavu. Kamera iwe usawa wa gamba. Picha hii inaonyesha kimo cha mgongo na mahali ambapo ukingo umevimba. Watu huiruka kwa sababu si nzuri ya kutazama, lakini mara nyingi ndiyo inayokata shauri.

Zitazame papo hapo, uzikuze kwa vidole. Picha yenye ukungu huwezi kuirekebisha ukiwa kwenye matatu unarudi mjini.

Umefaulu ikiwa: mtu ambaye hakuwa nawe anaweza kuhesabu meno kwenye picha ya tumbo.

## Hatua ya 7: Soma alama kwa mpangilio huu

Usianze na rangi, kwa sababu rangi hubadilika na kufutika. Anza na umbo, ambalo hudumu hata gamba likikwanguka.

### Kwanza, mzingo

Tazama picha ya mgongo, lakini usitazame mgongo. Fuata kwa jicho mstari wa nje tu, kama unauchora kwa penseli. Ukiweza, uchore kweli kwenye daftari.

Kauri wa pete ana mzingo wa yai: laini, unaozunguka bila kuvunjika. Kauri wa fedha ana pembe. Mzingo wake unaenda, unavunjika, unatanuka kwa ghafla kuelekea upande wa nyuma, kisha unarudi. Kwa wengi umbo linakaribia pembetatu au pembe sita zilizolainishwa. Upande wa nyuma ni ule mpana. Kichwa hutokea upande mwembamba, na ukimwacha atembee bakulini utauona mwenyewe.

Mzingo peke yake huamua sehemu kubwa ya kesi. Lakini wapo kauri wa fedha wembamba ambao pembe zao ni hafifu, kwa hiyo endelea.

### Pili, nundu

Nenda kwenye picha ya ubavu. Kauri wa fedha aliyekomaa vizuri ana nundu pembeni, hasa kwenye theluthi ya nyuma, mahali gamba lilipoongezwa unene. Pitisha ncha ya kidole taratibu kutoka mbele kwenda nyuma: utahisi mwinuko, kisha bonde, kisha mwinuko. Kwa kauri wa pete kidole hupita bila kukwama. Ukingo wake pia ni mnene, tena mnene sana kwa wengine, lakini unene huo umesambaa sawasawa.

Nundu ni alama nzuri kwa sababu haifutiki kwa urahisi. Gamba lililosuguliwa na mchanga likapoteza rangi yote bado hubaki na nundu zake.

Onyo: usichanganye nundu na vijiumbe vilivyong'ang'ania gamba au kovu la jeraha la zamani. Nundu huwa pande zote mbili, hata kama hazilingani. Uvimbe wa upande mmoja tu si ushahidi.

### Tatu, rangi ya jumla

Kauri wa fedha ana manjano: ya limau, ya siagi, wakati mwingine yenye kijani kidogo, au iliyofifia ikakaribia weupe. Mara nyingi kuna mistari miwili mitatu ya kijivu inayokata mgongo kwa upana, hafifu kama kivuli. Kauri wa pete ni mweupe wa maziwa au kijivu pembeni, na sehemu ya katikati, ile iliyozungukwa na pete, ina kijivu chenye samawati.

Bakuli jeupe ndilo linalofanya kazi hapa. Kiganjani kila kauri anaonekana wa manjano.

### Mwisho, pete

Sasa tazama pete. Ya kauri wa pete ni ya rangi ya dhahabu au machungwa, nene kiasi, na inatenganisha rangi mbili: ndani kijivu cha samawati, nje weupe. Mara nyingi haijafunga kabisa, imekatika karibu na ncha.

Kauri wa fedha mwenye mstari wa dhahabu ana uzi mwembamba, na ndani ya uzi na nje yake ni manjano ile ile. Swali la kujiuliza basi ni moja: je, pete hii inatenganisha rangi mbili au imechorwa juu ya rangi moja?

### Kufikia uamuzi

Mzingo na nundu vikikubaliana, umemaliza, hata kama rangi inasema vingine. Vikipingana, rangi ndiyo inayoamua. Pete inaongeza uhakika tu. Haitoshi peke yake.

## Hatua ya 8: Pima na uandike

Pima urefu kutoka ncha hadi ncha, na upana pale palipo papana zaidi, kwa milimita. Wengi wa aina zote mbili utawakuta kati ya milimita 15 na 30. Kwa kuwa vipimo vyao vinapishana, ukubwa hautakuambia aina. Unapima ili kumbukumbu yako iwe na maana kwa mtu atakayerudi mwamba huo huo mwakani.

Ukurasa wa daftari unatosha kuwa hivi:

*Likoni, kipwa cha mawe. Saa tano kasoro robo asubuhi, maji yamepwa. Chini ya jiwe, kina cha kidole. Hai. Urefu 22, upana 16. Mzingo wa pembe, nundu pande zote mbili, manjano, mistari miwili ya kijivu, uzi wa dhahabu. Kauri wa fedha. Picha tatu.*

Andika ulichokiona kabla ya jina. Jina linaweza kusahihishwa baadaye kutokana na maelezo, lakini jina tupu halina cha kusahihisha.

## Hatua ya 9: Mrudishe

Mrudishe kwenye jiwe lile lile, upande ule ule, mguu ukiwa chini. Usimtupe kwenye kidimbwi cha karibu ukadhani ni sawa. Akilala chali kwenye maji yenye mkondo, kaa na samaki watamfikia kabla hajajigeuza. Mshikilie kidogo mpaka uhisi ameshika.

Umefaulu ikiwa: ukimsukuma polepole kwa kidole hasogei.

## Ukikwama

Gamba ni la zambarau. Hii ni kesi ya kila wiki. Chini ya tabaka la juu la kauri hawa kuna rangi ya zambarau, na gamba tupu lililosuguliwa na mchanga huifunua. Si aina mpya. Rangi na pete vimeondoka, kwa hiyo rudi kwenye mzingo na nundu, uamue kwa hivyo tu.

Ana madoa meupe kwenye mgongo wa kahawia. Huyu ndiye ndugu wa tatu, *Monetaria caputserpentis*. Mgongo wake ni kahawia iliyokolea yenye madoa meupe mengi, tumbo ni bapa, na hupenda miamba inayopigwa na mawimbi. Akiwa mzima hakuna wa kumchanganya. Akiwa amechakaa, madoa yamekwenda na kahawia imefifia, watu humwita kauri wa fedha. Tazama ukingo: wake ni wa giza na umetandaa chini kama sahani, hauna nundu.

Gamba halina mgongo. Kauri zinazoshonwa kwenye nguo, mikanda na shanga, kama zile za kwenye maduka ya vinyago karibu na Fort Jesus, mara nyingi zimekatwa mgongo ili uzi upite na zilale vizuri. Hapo umebakiwa na tumbo na mzingo. Mzingo wa pembe ni wa fedha, wa yai ni wa pete, na mikufu mingi utaikuta imechanganya. Kama kingo nazo zimepigwa msasa, achana nalo.

Programu ya simu imenipa jina tofauti. Programu zinazotambua viumbe kwa picha hutazama zaidi mgongo, kwa hiyo hukosea pale pale mnapokosea ninyi. Kwenye iNaturalist, mtandao ambako watu hupakia picha za viumbe na kusaidiana kuvitambua, weka picha zote tatu ndani ya kumbukumbu moja. Wengi wenu mnazipakia kama kumbukumbu tatu, kisha kila moja inajibiwa peke yake na mtu asiyeziona nyingine. Ficha pia mahali halisi kama ni kipwa chenye kauri wengi, maana si kila anayesoma ramani anakuja na bakuli na rula.

Mzingo ni wa yai, nundu ni hafifu, rangi ni ya kati. Wapo wa namna hii. Andika *Monetaria* peke yake, acha nafasi ya jina la pili, na uweke picha ya ubavu mbele ya zote.